Maelezo ya Eleuterio Cayetano kuhusu Citlali na Alama Zake za Shule

KITUO CHA POLISI CHA HARLAN FLATS, JIMBO LA WASHINGTON
MAELEZO YA SHAHIDI
Jambo: Mtoto kutoonekana nyumbani

Jina: Eleuterio Cayetano Ruiz
Umri: Miaka 51
Kazi: Mchuma matufaha, mkataba wa msimu
Elimu: Darasa la nne
Makazi: Bweni namba 4 la wafanyakazi, barabara ya mfereji. Kwetu ni milimani, Oaxaca, Meksiko.
Maelezo yanachukuliwa na Sajini Arredondo, kwa Kihispania.

Leo ni Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025. Ni miezi saba tangu niondoke kwetu. Nimeulizwa kama natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Ndiyo, ni kwa hiari yangu, ingawa ningependa zaidi kuwa nje na wanaotafuta. Afande ameniambia nikae, niseme yote kwa utaratibu, kwa sababu hata neno dogo linaweza kuonyesha mtoto ameelekea wapi. Kwa hiyo nimekaa.

Mtoto anayetafutwa ni Citlali Nicolás, miaka kumi, darasa la tano. Baba yake ni Fidencio na mama yake ni Herminia. Mimi ndiye niliyemsimamia ubatizo, hapa hapa mjini, katika msimu wangu mmoja wa zamani, kwa hiyo yeye ananiita padrino na wazazi wake wananiita kompadre. Kwetu padrino si mtu wa kuleta zawadi tu. Mtoto akifanya vibaya shuleni, padrino huitwa, huketishwa mezani, na lazima aseme neno. Neno lake baba wa mtoto hulisikiliza. Ndiyo maana leo niliitwa.

Nianze na jana. Mnamo tarehe 16 Oktoba, saa kumi na mbili jioni, nilikwenda shuleni kwa Citlali pamoja na Herminia. Fidencio alikuwa zamu kiwandani, wanakopakia matufaha. Shule ilikuwa imewaita wazazi iwaeleze namna mpya ya kutoa alama, na jinsi ya kuziona kwa simu kwenye tovuti ya shule. Tulijaa maktaba, tumekalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu wa Citlali, Bi Okerlund, alikuwa mbele akionyesha ukutani, na mama mmoja wa ofisini akitutafsiria.

Sehemu kubwa ya jioni ile iliishia kwenye neno la siri. Kila mzazi alitakiwa atunge lake, liwe na herufi kubwa, na tarakimu, na nyota au kitu kama hicho. Watu walikuwa wanasahau walichoandika papo hapo. Herminia aliandika jina la mbwa wao, tovuti ikakataa. Akaongeza mwaka, ikakataa tena. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Mpakani hawakunihoji hivi." Watu wakacheka, na mwalimu naye alipotafsiriwa akacheka. Alikuwa anapita meza kwa meza, anapiga magoti, anashika simu ya huyu na ya yule. Sina neno baya juu yake. Lakini muda uliisha. Ukutani palikuwa na picha ya tarakimu nne, moja hadi nne, kila moja na rangi yake. Mwalimu akasema, "Jamani, hili ndilo muhimu kuliko yote. Nitawaandikia." Mfagiaji alikuwa ameshaanza kuzima taa.

Basi tulitoka tunajua kufungua tovuti. Maana ya zile tarakimu hatukuijua, na hatukujua kwamba hatuijui. Kwetu alama ni hadi kumi. Sita umepita, tano umefeli. Tatu sijawahi kuiona kwa macho yangu. Mtoto wa tatu ni mtoto ambaye hakwenda shule.

Leo ni siku ya basi. Kila Ijumaa jioni kampuni hutupeleka mjini kununua chakula cha wiki, na bweni zima huenda, maana asiyekwenda hali. Nilipokuwa nashuka mbele ya duka, saa kumi na moja na nusu, Fidencio alinipigia. Alisema, "Kompadre, usinunue kitu. Njoo kwanza." Niliijua sauti ile. Nilikwenda kwa miguu mpaka kwake, kwenye zile nyumba za kuhamishika zilizo karibu na mfereji.

Nilikuta simu imewekwa katikati ya meza, kando ya sufuria ya maharage, kama mgeni. Fidencio alikuwa bado na aproni ya kiwandani. Herminia alikuwa amesimama. Citlali alikuwa amekaa, na begi la shule bado liko mgongoni.

Fidencio aliniambia, "Soma, kompadre. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Kusoma, tatu. Kuandika, mbili. Hesabu za kugawa vipande, mbili. Sayansi, tatu. Nilitafuta pa kumsifia, sikupaona.

"Tatu," Fidencio akasema. "Mbuzi wa mama yangu angepata tatu."

"Mbuzi wa mama yako hajui Kiingereza," Herminia akamjibu. "Mwache mtoto aseme."

Citlali akasema, "Baba, tatu ni nzuri. Mwalimu alisema tatu ni nzuri."

"Nzuri kati ya ngapi?"

"Si kati ya kitu."

"Kila kitu ni kati ya kitu! Usinifanye mjinga kwa sababu nafunga maboksi."

Mtoto akashika mikanda ya begi lake. Alikuwa ametuambia kweli, na sisi watu wazima watatu tukaiona kuwa uongo. Hata mimi niliona haya kwa ajili yake, nikatazama maharage.

Fidencio si mtu mbaya, afande. Naomba hilo liandikwe. Anasimama kwenye chumba cha baridi mpaka vidole vinakuwa vyeupe, na kila mtu pale kiwandani anajua kwamba binti yake atakuwa daktari wa meno, kwa sababu amewaambia. Lakini alikuwa na hofu, na hofu yake hutoka kama hasira. Aliniuliza, "Mkataba wako unaisha lini?"

Nikasema, "Tarehe nane Novemba."

"Utaondoka naye. Akakae na bibi yake, akaone shule ni kitu gani."

Citlali amezaliwa hapa. Oaxaca anaijua kwenye simu tu, bibi akipiga.

Herminia akasema, "Fidencio, hayo maneno ya njaa. Kula kwanza."

Yeye hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kompadre, utamchukua au hutamchukua?"

Nilisema, "Ukisema wewe baba yake, nitamchukua."

Naliweka hapa bila kulipunguza, kwa sababu ndilo neno la mwisho mtoto alilolisikia kutoka kwangu. Nilidhani ni vitisho vya mezani, vya kuisha na chakula. Nilikuwa nimeshinda juu ya ngazi tangu alfajiri na mabega yalikuwa yanawaka. Nilitaka ugomvi uishe. Citlali hakulia. Hakumtazama baba yake, alinitazama mimi. Kisha akavua begi, akavaa koti lake la zambarau, akasema anakwenda kumfunga mbwa. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na robo, giza linaingia.

Tulianza kula. Baada ya muda mbwa akaingia peke yake.

Herminia ndiye aliyeinuka kwanza. Aliita mlangoni, akazunguka nyumba, akarudi, akasema, "Hayupo." Tukadhani yuko kwa rafiki yake, nyumba ya tatu. Hayupo. Tukaenda kanisani, mlango umefungwa. Jirani mmoja akatoa gari, tukaenda shuleni, tukamulika viwanja vya kuchezea, bembea zimesimama kimya. Kila tulipofika nilikuwa na hakika kwamba yuko pale, na kila tulipoondoka nilikuwa naogopa zaidi kuliko tulipofika.

Halafu ukabaki mfereji.

Kampuni ya maji bado haijaufunga mwaka huu. Maji yako juu, kingo ni za saruji na zina utelezi wa kijani. Fidencio alitembea ukingoni akimulika kwa simu. Mimi nilikuwa upande wa pili. Alikuwa anaita jina lake la nyumbani, "Lali! Lali!" Kisha nikasikia ameanza kuita, "Tatu ni nzuri, mwanangu! Tatu ni nzuri!" Wakati ule alikuwa bado hajui kama ni kweli.

Polisi walipigiwa saa moja na nusu. Herminia akampigia pia mwalimu, namba ilikuwa kwenye tovuti. Bi Okerlund alifika kwa gari lake na nywele mbichi, amevaa ndala. Aliposikia yaliyotokea alikaa chini kwenye ngazi ya mlango. Alisema kitu kwa Kiingereza, askari aliyekuwepo akatutafsiria. Alikuwa anasema, "Nilidhani nimewaambia. Nilidhani nimewaambia."

Fidencio alimpa simu. Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Tatu ni nini?"

Mwalimu akaeleza, na safari hii hakuna aliyetafuta neno la siri. Alisema hakuna kumi. Alisema shule ina orodha ya mambo ambayo mtoto wa darasa la tano anatakiwa ayaweze mwaka utakapokwisha. Tatu maana yake jambo hilo analiweza tayari. Mbili maana yake yuko njiani, na huu ni Oktoba tu, wengi wako njiani. Nne ni kwenda mbele ya darasa, huonekana mara chache. Na tarakimu hizo hazijumlishwi wala hazigawanywi, kwa sababu kila moja inasema jambo lake.

"Yaani si mashindano," Fidencio akasema.

"Si mashindano."

Herminia akasema, "Ni kama tortilla ya mahindi kikaangoni. Imeiva, au bado kidogo, au mbichi. Hakuna tortilla ya saba." Alisema akiwa ameshika koti jingine la mtoto, analikunja na kulikunjua.

Mwalimu akabonyeza mahali kwenye simu ambapo sisi hatukujua kwamba panabonyezwa. Ikatoka Septemba. Ile mbili ya kuandika, Septemba ilikuwa moja. "Amepanda," mwalimu akasema. "Hapa ile moja haihesabiwi tena. Hatumwadhibu mtoto kwa alichokuwa hajui." Fidencio akaitazama ile simu, akairudisha mezani kwa mikono miwili, akatoka tena kwenda mfereji.

Mimi nililetwa hapa saa tatu kasorobo. Nimeulizwa mtoto anapenda kwenda wapi. Nimetaja kanisa, shule, rafiki, na duka la mikate ambako hupewa vipande vilivyovunjika. Kote tumekwenda. Nimeulizwa kama ana simu. Hana. Nimeulizwa kama kuna mtu anayeweza kumchukua. Simjui. Nimeulizwa mara mbili kama Fidencio alimpiga. Hakumpiga, wala leo wala siku yoyote niliyopata kuwapo. Nimeulizwa kama anajua kuogelea. Hajui.

[Hapa maelezo yalisimama. Sajini Arredondo alitoka kupokea simu. Shahidi aliendelea baada ya kurudi kutoka bweni namba 4.]

Ninaendelea. Afande alirudi mlangoni akaniambia, "Simama, mzee. Yuko kwako." Sikuelewa. Akasema, "Kwenye kitanda chako."

Basi la kampuni lilikuwa limerudisha watu. Chano, tunayelala naye chumba kimoja, aliingia na mifuko yake, akawasha taa, akamkuta mtoto amekaa kitandani kwangu gizani, amevaa koti mpaka shingoni. Chano anasema nusura atupe mayai. Alimuuliza, "Wewe binti, unamtafuta nani?" Akajibu, "Namsubiri padrino nimwambie asikubali."

Alikuwa amefuata barabara ya mfereji mpaka bwenini, peke yake, akaingia kwa sababu mlango wetu haufungwi. Alidhani nitarudi upesi baada ya kula. Sisi tulimtafuta kila mahali anapopapenda. Sikuwaza kwamba angekwenda kwa mtu aliyemtia hofu.

Nilipoingia hakuinuka. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimejaa matope. Aliniambia kwa utaratibu, kama mtu aliyekaa muda mrefu akipanga maneno: "Padrino, ukikataa wewe, baba hawezi. Mama alisema padrino ana neno."

Nikasema, "Ninalo."

"Basi liseme."

Fidencio na Herminia walifika kwa gari la mwalimu. Herminia alipita katikati yetu sote. Fidencio alibaki mlangoni, aproni bado iko kiunoni, hajui aweke wapi mikono. Nikamwambia mbele ya mtoto, mbele ya Chano na ya afande, "Kompadre, simchukui."

Akasema, "Najua." Kisha akamwambia binti yake, "Mwalimu amenionyesha Septemba."

Citlali akamuuliza, "Umeona kuandika?"

"Nimeona."

"Nilikuwa na moja."

"Nimeona, mama. Twende nyumbani."

Hayo ndiyo niliyoyaona, na niliyoyasema mimi mwenyewe. Nimesomewa kwa sauti, yako sawa, sina la kupunguza.

Sahihi: E. Cayetano R.

Maelezo ya afisa: Mtoto amekabidhiwa kwa wazazi wote wawili. Hana jeraha, ila malengelenge miguuni. Mwalimu ameomba kuwaita wazazi wote tena wiki ijayo, na safari hii aanze na ile picha ya tarakimu nne. Shahidi ameulizwa atapatikana wapi akihitajika. Amejibu kwamba atakuwa bweni namba 4 hadi tarehe 8 Novemba, kisha atakwenda kwao, na akipewa kibali tena atarudi mwezi Machi, wakati wa kupogoa miti. Amesisitiza niandike kwamba ataondoka peke yake.
Sajini R. Arredondo