Taa ya Sebuleni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Kazi za leo karakanani: pasi mbili, redio moja, jiko la umeme lililokatika waya. Mchana nimemwaga kopo la taa ndogo mezani nichague moja. Nyekundu nilizitoa kwenye pasi mbovu, za kijani kwenye ralonji, zile waya za kurefushia umeme, za rangi ya chungwa kwenye regulateri za volti zilizokufa. Kijani hufifia mapema. Nyekundu mchana hazionekani vizuri. Nimechukua ya chungwa. Nazipenda taa za neoni: hazili umeme, hazichemki, zinadumu kuliko mashine yenyewe. Uifunge na rezistansi yake ya kupunguza umeme, uisahau.

Ni ya sanduku la kuangulia mayai ninalomtengenezea mama mkwe. Kideri kimemaliza kuku wa mtaa mzima, na wake wote. Kuku wenye vishungi, marehemu baba mkwe aliwatoa Nyangwe, akawalea mpaka anakufa. Yamebaki mayai arobaini, na hakuna kuku wa kuyalalia. Yakiharibika, mbegu ile imekwisha.

Jumatano, 9 Julai

Taa nimeifunga. Sanduku liko chumbani kwake, ndiko paka hawafiki. Mimi mkwe siingii chumba cha mama mkwe. Mke wangu, Feza, ndiye aliyeliingiza na kupanga mayai, mimi nikimwelekeza nikiwa sebuleni. Waya wa taa nimeupitisha juu ya mlango, taa nimeiweka ukutani sebuleni. Nikija kusalimu naiona. Sanduku likipoa, kidhibiti joto kinawasha koili ya kupasha na taa pamoja; joto likitosha vyote vinazima. Karakanani nilijaribu siku mbili na kipimajoto cha kuazima. Safi.

Najivunia. Kila mgeni atauliza taa ile ni ya nini.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepita baada ya magharibi. Taa inawaka. Nimekaa karibu saa nzima, haikuzima hata mara moja. Nimefurahi kama mjinga.

Nyumbani Feza ana ujumbe. Mama yake hupima yai kwa kuligusisha kwenye kope ya jicho, kama walivyofanya wazee wake. "Mama anasema mangaribi mayayi iko baridi." Nimemwambia amjibu hivi: taa ikiwaka, joto lipo, asifunguefungue sanduku. Tena nimecheka. Kope si kipimo.

Jumapili, 13 Julai

Kabambare. Nilitoka jana, pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Friza ya duka moja imekataa kugandisha.

Feza amepiga simu. Maneno yale yale ya mayai baridi. Nimekasirika.

"Taa inawaka ao haiwake?"

"Inawaka."

"Basi aache."

Jumanne, 15 Julai

Friza imepona. Baridi ya usiku wa kiangazi, nalala na koti. Feza hajapiga tena. Naona nimeshinda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudi nyumbani Kasongo jana. Leo asubuhi Papa Ramazani, mshonaji anayekaa jirani na mama mkwe, ameleta pasi yake mara ya tatu. Taa yake inawaka, anasema, lakini hainyooshi nguo. Karakanani kwangu inachoma mpaka moshi. Nimeanza kumtania kwamba labda pasi inamwogopa mkewe. Kisha nikaiweka pasi chini. Taa inawaka, chuma hakichemki. Nimeyasikia wapi maneno haya?

Jioni nimemfuata kwake na kipimo cha volti. Umeme wa mtaa unatoka kwenye mtambo wa jua ulio karibu na karakana yangu. Nyumba yake na ya mama mkwe ni za mwisho kabisa, kwenye waya mwembamba. Kwangu ni volti mia mbili ishirini. Kwake, watu wakishawasha televisheni na friza zao, mia na kumi. Umeme nusu, joto robo. Na taa ya neoni haijali, inawaka tu.

Ndiyo maana ile ya sebuleni haikuzima. Jioni ile joto halikutosha hata mara moja. Fundi mwenye akili angeshtuka. Mimi nilikaa pale na chai yangu, nikifurahi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwomba Feza akamwambie mama yake. Amekataa.

"Mimi si redio yako. Wende, useme mwenyewe."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, mimi na mama mkwe tumesalimiana tu. Mengine yote hupita kwa Feza. Leo nimekaa sebuleni, macho chini, yeye nyuma ya pazia la mlango wa chumba. Nimesema kosa ni langu. Taa haipimi joto, nami nilijua, lakini sikutaka kufikiri.

Naye: "Mukwe, tangu siku ile ya simu, kila mangaribi ninaweka machupa ya maji ya moto mule ndani. Feza nilimukataza akuambie."

Hakutaka nione haya. Nimeona haya maradufu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefunga kipimo cha volti, cha mshale, kando ya taa. Nimechora mstari mwekundu: mshale ukiwa chini yake, chupa ziingie, taa iwake isiwake. Maelekezo nimempa mama mkwe mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ameuliza maswali mawili. Mazuri kuliko ya mafundi wengi.

Jumatano, 30 Julai

Siku ya ishirini na moja, ndiyo ya kuanguliwa. Kimya. Nawaambia watu mayai yaliyopigwa baridi huchelewa. Siamini ninachosema. Sijala.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimetoka msikitini moja kwa moja mpaka kwake. Nimesikia nikiwa bado uani: pii, pii. Feza analia na kucheka. Vifaranga kumi na mmoja.

Jumapili, 3 Agosti

Hakuna mengine yaliyopasuka. Asubuhi mama mkwe ametoa nje yale ishirini na tisa, tumeyavunja juu ya shimo nyuma ya jiko, mimi na yeye. Machache yalikuwa matupu. Mengine yote yalikuwa na kitu kile kile: kijidudu chekundu chenye jicho jeusi, kidogo kuliko ukucha. Vyote kimo kimoja. Hakuna kilichofika wiki. Ni zile siku za mwanzo, kabla ya chupa.

Hakuhitaji kuniambia, wala mimi sikuhitaji kuhesabu.

Tulipofika yai la mwisho ameniangalia usoni. "Pale nilituma kwamba mayayi iko baridi, ulisikia?"

Nimesema nilisikia.

Ameitika kwa kichwa. Amechukua birika, akanimiminia maji nikanawa mikono.