Chombo cha Nairi Kimenyamaza

Glendale, Jumapili

Mdogo wangu Siranush,

Aprikoti kavu ulizonitumia zimefika, ni tamu, ingawa nilizokausha mimi zamani zilikuwa tamu zaidi. Usiucheke mwandiko wangu. Mikono hii ni ya kuchonga chuma, na katika bonde hili zima hakuna aliyenishinda.

Mkono wa chuma unaoshika antena ya chombo cha anga cha binti yangu Nairi niliuchonga mimi. Chombo chenyewe ni kidogo kama friji, cha bei nafuu, kinakwenda sayari ya Neptuni peke yake. Njiani kinalala ili kuokoa gharama, ila kila Jumatatu hupiga mlio mmoja kusema ni kizima.

Jumatatu mbili sasa hakijalia.

Nilimwambia mapema aweke redio mbili. Akanicheka, "Baba, hiki si kitanda cha bibi, kila mtu aongeze mto!" Ikawekwa moja. Ujana wake wote umo ndani ya chombo hicho.

Mimi siogopi, unanijua. Na mkono niliouchonga hauwezi kuvunjika. Hauwezi.

Jana Nairi alikuja, hakugusa dolma niliyompikia. Akasema, "Baba, Jumatatu uje ukae nami tukisikiliza." Miaka yote amenikataza kuingia kule kazini kwake, ati nina domo. Nikamjibu, "Nitakuja niwafundishe kusikiliza hao wenzako." Hakucheka. Aliushika mkono wangu pale mezani, akaung'ang'ania kama mtoto anayevushwa barabara.

Mdogo wangu, niwashie mshumaa kanisani. Usiseme ni mimi niliyeomba.

Kaka yako,
Vartkes