Mkono Ulioshika Mwavuli

Bukoto, Jumapili jioni. Mvua imekatika tangu mchana lakini sijatoka nje. Nina aibu, na sina wa kumwambia ila wewe, shajara.

Tangu jeshi lishike nchi, watu wengi wamechoma picha za viongozi wa zamani. Mimi sikuchoma. Albamu yangu naificha chini ya gunia la mkaa: mawaziri wakikata utepe, wakihutubia, wakipokea maua. Moyoni nilijiona shujaa, mtu anayeitunzia nchi kumbukumbu zake.

Leo baada ya misa alikuja Mama Okello kutoka Kisugu, amelowa chapachapa. Mumewe alikuwa polisi, mlinzi wa waziri mmoja. Wanajeshi walimchukua mwaka jana, hakurudi. Nyumba yao ilipopekuliwa, picha zake zote zilikwenda. Mpiga picha wa Katwe, aliyeniuzia picha zangu, ndiye aliyemwelekeza kwangu. Filamu zake mwenyewe alishaziteketeza kwa woga.

"Mwalimu, ile picha ya waziri nafungua soko, iko kwako? Bwana yangu iko nyuma, yeye nashika mwavuli. Okello nauliza kila siku, baba alikuwa na uso gani."

Niliijua picha hiyo kabla hajamaliza. Nilijua pia nilichoifanyia.

Mimi hukata picha zangu. Mkubwa lazima akae katikati ya ukurasa, kwa hiyo walinzi, madereva na watu wote wa pembeni nawaondoa kwa mkasi. Kazi hiyo nilikuwa naiita kusafisha picha. Vipande navitupa jikoni, tunawashia moto.

Nilimwambia sina picha hiyo.

"Hata kidogo, Mwalimu?"

Nikashindwa, nikaitoa albamu. Waziri anatabasamu, juu yake mwavuli, na pembeni mkono mmoja, umekatika kwenye kiwiko. Mama Okello akauwekea kidole.

"Ni yeye. Ona hii kidole imepinda. Ilivunjika kwa mpira."

Akaniomba nimpe. Nami, Mungu anisamehe, nikasita. Niliwaza ukurasa utakaobaki mtupu. Nikamwambia kukutwa na picha ya waziri yule ni hatari, mama mwenye mtoto asijitafutie balaa. Maneno ya busara kabisa, na yote ya kweli. Akaitikia, akanishukuru, akaenda zake mvuani.

Alinishukuru!

Nimeshinda nikimlaumu mpiga picha, nikiwalaumu wanajeshi. Lakini wao walimchukua mtu mwenyewe. Uso wake niliuondoa mimi, tena bila kulazimishwa na yeyote, kwa sababu niliona si mtu wa maana.

Sasa hivi nimeichomoa picha ile na kuikata tena. Safari hii nimemkata waziri.

Kesho kabla ya shule nitaupeleka mkono Kisugu. Mama Okello ataupokea, namjua, na atanishukuru tena. Lakini Okello akiniuliza uso wa baba yake uko wapi, nitamwambia niliwasha nao jiko la chai?