Kikapu Alichokishika Mama

Big Cove, mwezi wa tano

Dada Verna mpenzi,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za mvua ambayo haijakatika huku milimani tangu Jumatatu. Sisi wazima. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu, na kwamba watoto bado wanakumbuka kuwa wana mama mdogo. Macho ya Mama ndiyo hayo, sasa anaona vivuli tu, lakini mdomo haujambo. Jana kanigombeza kwamba mkate wa maharage nimeufunga vibaya kwenye majani ya mahindi, na kwamba wewe hukuwahi kuufunga hivyo.

Rafiki yako Bi Idella Ketcher alifika Jumamosi. Asante kwa kutuletea mgeni bila kutuarifu. Alikuwa ametoka Kituwah, akakizunguka kile kilima cha wazee wetu Wacherokee miguu peku, akalia, na ana haki ya kulia, maana wazee wake walitolewa huku kwa mtutu wa bunduki wakaswagwa hadi huko Oklahoma mnakoishi. Kisha akashuka mjini kutafuta kazi za mikono za watu wetu. Unajua alichokikuta barabara kuu: mahema ya ngozi ambayo hakuna Mcherokee aliyewahi kulala ndani yake, na mataji ya manyoya yaliyotengenezwa ng'ambo. Alifika kwetu amefura kwa hasira. Nikampenda hapohapo.

Mapenzi hayo hayakudumu. Nilikuwa kibarazani nasuka, mikono imeshika wekundu wa mizizi ya kutilia rangi mpaka kwenye viwiko, mianzi imejaa mapajani. Akanitazama, akatabasamu, akaniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake Verna? Na wewe unasuka?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama alijibu kutoka ndani. "Huyo ananisaidia kuchana mianzi tu. Msukaji ni yule mliyeniibia mkampeleka Oklahoma."

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini dada, nakwambia wazi, nilikuonea wivu. Wewe Mama alikuweka magotini pake akakufundisha kusuka kikapu cha kuta mbili, ya ndani na ya nje, mwanzi ukienda bila kukatika. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia. Wewe uliolewa ukaenda zako. Mimi ndiye ninayeingia kwenye tope la mto kukata mianzi, ninayempeleka Mama kliniki, ninayemwosha nywele. Akiingiwa na huzuni jioni, anaita jina lako.

Bi Idella akaeleza jinsi wanafunzi wako huko wanavyokugombania, na Mama akazidi kunyooka kwenye kiti. Mwishowe akaniagiza nikalete kikapu chako, kile anachowekea vitambaa vyake kando ya kitanda, ili mgeni aone kazi ya kweli kabla hajarudi kwao na picha za yale mahema.

Nikaenda. Nikamwaga vitambaa, nikakishika kikapu chako, nikasimama nacho. Changu, cha mfano uleule na ukubwa uleule, nilikuwa nimekimaliza wiki hiyo, na kilikuwa chumbani kwangu. Verna, nilikiacha chako nikapeleka changu.

Usidhani nilitaka kumdanganya Mama. Nilitaka anikamate. Nilitaka akishike na kuuliza hiki ni cha nani, na mimi niseme mbele ya mgeni kwamba ni changu. Mama akakipokea, akakigeuza, akatumbukiza mkono mpaka chini, akapapasa pembe zote nne.

Kisha akamshika Bi Idella mkono akauingiza ndani. "Sikia hapa kwenye pembe, mwanangu, ilivyobana. Hii ndiyo mikono ya Verna wangu. Hajazaliwa mwingine." Na machozi yakamtoka.

Bi Idella akaomba auziwe, Mama akasema atazikwa nacho. Mgeni alipokuwa anaondoka alinunua kwangu kikapu kidogo cha kuwekea funguo, nadhani kwa huruma.

Kwa hiyo akikusimulia jinsi Mama alivyokililia kikapu chako, elewa kwamba alikililia changu. Sifa nilizozitamani maisha yangu yote zimekuja, zikapita juu ya kichwa changu zikaenda kwako Tahlequah. Na ukimpigia simu usimwambie. Nimetaka kumwambia mwenyewe kila siku tangu Jumamosi, nashindwa. Akijua ni changu atakishika upya, na safari hiyo ataona kasoro.

Mnisalimie wote hapo nyumbani, na Bi Idella pia, hana kosa. Kifurushi kilichokuja na barua hii kina kikapu chako. Vitambaa vya Mama vimeshapata pa kukaa.

Ni mimi mdogo wako,
Nolena