Papa, Mjerumani Wako Amefika Munigi

Papa,

Umetuachia kazi. Tangu tukuzike, Mama amepanda mboga za lengalenga nyuma ya turubai letu hapa kambini Munigi, na mimi nimeshika chaki yako. Wanafunzi wa mwaka wa sita ni walewale uliokimbia nao kutoka Bunagana. Nilimwambia prefe, mkuu wa shule, nitawafundisha filozofia mpaka tumfikie yule mwanafalsafa wako Mjerumani mwenye kununa. Somo la huyo likinishinda, namrudishia prefe chaki.

Nilimwogopa huyo Mjerumani. Unakumbuka Mama alivyomwita mkwe wako, kwa kuwa kila jioni ulikaa naye mezani, kitabu chake kikiwa wazi, na hakuwahi kuleta habari njema? Juzi Mama alinizuia kabisa. "Hawa batu balishakimbia vita," alisema, "na wewe unaenda kubaambia maisha ni mateso?"

Nilienda hivyo hivyo. Niliwaeleza kama ulivyonieleza mimi, kwamba ndani ya kila kitu, jiwe, muhogo, mtu, kuna kutaka kusiko na macho. Kunataka tu. Ukipata, unatulia kidogo, halafu unataka kingine. Usipokosa kitu, maisha yenyewe yanakuchosha. Kwa hiyo mateso si ajali, ndiyo mwendo wa dunia. Wakaacha kuandika. Nikasema moyoni, Papa, nimewamaliza.

Nikaandika ubaoni volonté, jina la kutaka huko kwa Kifaransa, nikauliza Kiswahili chake. Wewe ulitufundisha utashi. Akainuka Mama Zawadi, yule aliyerudi shule na mtoto mgongoni, ambaye mpaka leo hajui mumewe yuko wapi. Akasema ni mapenzi, kama tunavyosali, mapenzi yako yafanyike. Halafu hakukaa.

"Kumbe dunia yote ni mapenzi, Mwalimu. Njo maana inaumiza vile."

Nilitaka kumsahihisha kwamba mapenzi ya sala si mapenzi ya kupendana. Badala yake nililia mbele yao, Papa, na hakuna aliyenicheka. Nikajifuta macho, nikawapa lile ulilopenda kumalizia nalo: kwamba kutaka huko ni kumoja ndani yetu sote, na anayemhurumia mwenzake ameona kuwa ukuta kati yao ni turubai tu. Hapo wakacheka. Nani wa kumweleza mtu wa Munigi habari za turubai? Mtoto wa jirani akikohoa, si wewe uliyekuwa unaamka kumchemshia maji?

Chaki sijairudisha. Jana Mama mwenyewe aliniuliza mkwe wako alisema nini, nikamweleza. Akaendelea kuchambua lengalenga zake, kisha akasema, "Kumbe naye alikuwa analia."

Kesho nitawaambia neno sahihi ni utashi, maana mtihani wa serikali haujui huruma. Lakini la Mama Zawadi sitalifuta ubaoni, nalo nitalifundisha kila mwaka nitakaoshika chaki hii. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Pumzika, Papa. Kutaka kwako kumekwisha. Mapenzi yako tunaendelea nayo.

Binti yako