Usilikate Hilo Tangi

Al Rayyan, Doha
Alhamisi asubuhi

Kaka yangu Mutua,

Pokea salamu za dada yako Syombua. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio haujatulia. Mama anaendeleaje na magoti? Na wifi, hiyo mimba haimsumbui? Hebu kaa chini, weka mashine ya kuchomelea kando, unisome mpaka mwisho.

Kazi bado ni ile ya ulinzi, ila mwezi huu wametupeleka mtaa wa Al Sadd, kwenye maonyesho ya injini za roketi za zamani. Kutwa nzima nasimama nikiwaambia watu wasiguse. Injini moja mdomo wake unaweza kumeza jiko lote la Mama. Kuna na vile vyombo virefu vya pembeni, vinavyosukuma roketi ipande, vikimaliza kazi vinaachiliwa vianguke. Nilidhani vyote huangukia baharini. Kumbe vipande vya juu huzunguka huko hata miaka, kisha hushuka popote.

Lile dude la mviringo lililoanguka shambani kwetu, ulilonitumia picha, lina mwenzake hapa ndani ya kioo. Ukubwa ule ule, kishingo kile kile. Ni tangi la mafuta ya roketi! Nilipokupigia juzi ulicheka, "Sasa askari wa mlango atanifunza chuma?" Eti umeshaliingiza karakana, na Jumamosi unalikata upate makarai mawili, moja la wifi la kukaangia mandazi. Nikauliza una hakika ni tupu? Ukasema umefanya kama unavyofanya na pipa lolote: umeweka pua kwenye tundu ukavuta. Halina petroli, linanuka shombo tu, kama samaki.

Jana nilimwuliza mhandisi anayetunza hizi injini, mzee wa Kihindi, mpole. Nilipotaja samaki aliweka kikombe chini.

"Nani amenusa?"

Akasema hayo mafuta ni sumu, hupenya hata kwenye ngozi, na pua ikishayasikia ujue yameshaingia mwilini. Moto wa gesi ukiyagusa, yanalipuka. Nilijifungia chooni nikalia na sare yangu mwilini.

Tangu hapo simu yako haiingii, wifi hana simu, na ya Mama uliniambia imekufa. Ndiyo maana nimempa barua Musyoka, dereva wa kwetu, anayesafiri kuja nyumbani leo mchana. Ameniapia atafika kwako kabla ya kwake.

Usilikate. Usilisogeze. Funga karakana, mwite chifu, watu wakae mbali. Vua nguo ulizolishikia, oga kwa maji mengi, nenda hospitali useme wazi ulichonusa. Wifi asizifue hizo nguo, na hali yake hiyo. Najua wewe ndiye uliyenilea na hupendi kuamrishwa na mimi. Leo nakuamrisha. Naogopa, Mutua.

Nisalimie Mama, wifi, na shangazi yetu muuza uji pale sokoni.

Ukimaliza kusoma nipigie, wewe mwenyewe. Usimpe wifi hiyo simu, usimpe Mama. Nikiona namba yako halafu nisikie sauti ya mtu mwingine, nitakata kabla hajanisalimia.

Dada yako,
Syombua