Babu, Nilikupa Ukoo wa Gavana

Babu yangu mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote: wasifu niliousoma kwenye msiba wako haukuwa wako wote. Mwanzo wake niliuchukua kwa gavana.

Unamkumbuka? Yule gavana wa zamani wa Marekani, wa enzi jimbo lake likiwa bado changa, niliyeambiwa shuleni nimweleze kwa Kiingereza. Tulikuwa tunageuza kakao juani, nami nakariri ukoo wake: babu yake alivuka maji na ndugu wawili, wakafyeka msitu, wakagawana ardhi. Ukaniuliza, "Huyo ni nani kwenu?" Nikacheka. Ukasema basi kaa nikupe na wa kwetu. Nikasema kesho babu, nina mtihani. Ulinikumbusha tena na tena, na kila mara nilikuwa na kesho yangu.

Ulipofariki, baba mkubwa alinipa kalamu mbele ya watu. Wewe ndiye msomi, akasema, na ndiye uliyekuwa unakaa naye; sisi asili yake hatukuwahi kumuuliza. Niliona haya kusema sijui. Nikaandika kwamba babu yako alivuka ziwa kutoka kijiji cha Matema na ndugu zake wawili, wakafyeka msitu hapa Talatala. Wakati nasoma sauti ilitetemeka, watu wakadhani ni uchungu. Shangazi akanishika mkono: ndaga fijo, ahsante sana, umemzika vizuri.

Sasa Jumapili walikuja washenga wa dada Bupe. Kijana ni wa Matema. Baba mkubwa akawauliza ukoo, wakataja. Akasema, "Marehemu naye asili yake ni huko. Hatuwezi kumwozesha kwa ndugu zake."

Mshenga akajaribu utani, eti Matema ni kubwa, hata samaki wake hawajuani. Hakuna aliyecheka. Wakaaga bila kula.

Usiku dada akaniuliza kama kweli ulisema hivyo. Nikamwambia ndiyo. Nikamsikia analia, nikajifanya nimelala.

Babu, nilichokijua cha kweli ni kwamba ulipenda wali wa jana na chai ya rangi, na mvua ikinyesha ulinisubiri barabarani na mwavuli wako uliovunjika. Hayo sikuyaandika. Niliyaona madogo.

Nasikia ndala za dada zinakuja. Tangu nianze kuandika, kila anayepita naificha karatasi hii chini ya mto. Safari hii naiacha mezani. Akimaliza kusoma, tutakwenda wote kwa baba mkubwa, kama bado atakubali kutembea na mimi.

Pumzika, babu. Anafungua mlango.

Mjukuu wako, uliyekuwa unakaa naye.